Mwewe Huyo, au Kipanga? Mwongozo wa Kuwatambua Ndege wa Uani

Kuku akitoa ule mlio wake wa onyo na vifaranga wakajisweka chini ya mbawa zake, nyumba nzima hutazama juu na kutamka neno moja: mwewe! Watoto huokota mawe, mwenye manati huitoa mfukoni. Lakini mara nyingi ndege aliyepita si mwewe, wala hakuwa na haja na kifaranga. Huenda ni kipanga mdogo aliyemfuata mjusi ukutani. Huenda ni yule mpana wa mabawa, mweupe tumboni na mwenye mkia wa rangi ya kutu, ambaye riziki yake kubwa ni fuko na panya, wale wale wanaomaliza viazi na mahindi ya mwenye shamba.

Kwa ndege wadogo hali ni hiyo hiyo, ila huko kosa la jina halimletei ndege jiwe. Kila wa kahawia ni shomoro, kila wa manjano ni mnana, na waliobaki ni "ndege tu".

Kwa ndege wawindaji kosa hilo lina gharama. Utafiti wa Darcy Ogada na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha hesabu zilizofanywa kando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020. Aina nyingi kati ya 22 zilizochunguzwa zilikuwa zimepungua, baadhi kwa kiasi cha kutisha. Mwenye ua hawezi kurudisha misitu iliyokatwa, lakini anaweza kuacha kumwadhibu ndege asiyehusika, na hilo huanza na kumjua kwa jina.

Kinachohitajika ni daftari, kalamu na subira. Darubini ikipatikana, ya 8x42 inatosha kabisa. Ua wowote unafaa: bustani ya Nairobi au Arusha, kibaraza cha Mombasa, uwanja wa mchanga wenye mwembe mmoja Dar es Salaam.

Kwa nini rangi ije mwisho

Mtu akiona ndege mgeni, anachokumbuka kwanza ni rangi, na rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Anayelionyesha hilo waziwazi ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayenyonya maua.

Simama asubuhi karibu na mshubiri uliochanua. Dume la chozi mwenye kifua chekundu anatua kwenye kikonyo cha ua, na kwa mbali ni mweusi kama mkaa. Anageuza shingo kidogo kuelekea jua, na utosi unawaka kijani. Anajinyoosha kuchovya mdomo, na kifua kinageuka kaa la moto. Anarudi kivulini, mweusi tena. Ndege ni yule yule, na sekunde tano hazijapita. Kijani kile si rangi iliyopakwa kwenye unyoya. Ni muundo mdogo mno wa unyoya wenyewe, unaorudisha mwanga kwa pembe fulani tu. Jike lake, anayekula kwenye ua la jirani, ni wa kahawia iliyofifia, na wengi humhesabu kuwa ndege wa aina nyingine kabisa.

Umri nao hubadili rangi. Makinda ya vipanga wengi yakianza kuruka huwa ya kahawia yenye matone au michirizi kifuani, wakati wazazi wana mistari myembamba ya mlalo. Madume ya aina nyingi za mnana hung'aa wakati wa kujenga viota, kisha hufifia yakafanana na majike. Umbo na mwendo havibadiliki hivyo, ndiyo maana hatua zifuatazo zinaanzia huko.

Hatua sita za kumtambua ndege yeyote

1. Pima ukubwa kwa ndege unaowajua. Usikadirie sentimita hewani. Jiulize: ni mkubwa kuliko shomoro? Ni mdogo kuliko njiwa? Tumia rula iliyo kwenye kisanduku hapa chini.

2. Soma umbo, ukianza na mdomo. Mdomo mnene wa pembetatu ni wa mla mbegu. Mwembamba ulionyooka ni wa mla wadudu. Mrefu uliopinda ni wa mnyonya maua. Wenye ncha ya ndoano ni wa mla nyama. Kisha tazama mkia: mrefu au mfupi, wa mraba, wa duara au wenye panda?

3. Fuatilia mwendo. Anarukaruka kwa miguu miwili pamoja, au anatembea hatua kwa hatua? Angani anapiga mabawa mfululizo, anaelea, au anapiga mara chache kisha anateleza?

4. Andika mahali, saa na mwezi. Ndege wa nyanda za juu si wa pwani. Kati ya Oktoba na Aprili ua hupokea wageni kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo mbayuwayu.

5. Sikiliza. Andika mlio kwa silabi zako mwenyewe, hata kama ni "kwit… kwit" tu.

6. Sasa rangi, kwa mpangilio. Utosi, unyushi, jicho, koo, kifua, tumbo, chini ya mkia. Usiruke sehemu hata moja.

Andika yote hayo kabla ya kufungua kitabu. Ukishaona picha nzuri, kumbukumbu huanza kuifuata picha, na ndege uliyemwona kweli hupotea.

> KISANDUKU: RULA YA UANI
> Chozi: sentimita 10 hadi 12 au zaidi kidogo
> Shomoro: karibu 15
> Shore, yule mwenye kichwa cheusi kilichochongoka: kama 18 hadi 20
> Kunguru: 40 hadi 50
> Mwewe: karibu 55
> Katikati ya shore na kunguru weka njiwa wa kwenu, yeyote yule uliyemzoea.

Walinzi wa bure

Kuna njia moja ya kumwona kipanga ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuchukua nafasi yake: wasikilize wadogo. Wao wanamjua adui yao kuliko mtu yeyote, kwa kuwa atakayekosea hali chakula cha mchana, analiwa.

Kelele za aina mbili zina maana mbili. Shore, shomoro na chozi wakikusanyika kwenye mti mmoja wakipiga makelele, wakirukaruka karibu na tawi lile lile bila kuondoka, wamemkuta adui aliyetulia. Anaweza kuwa nyoka, bundi aliyelala au kipanga aliyejibanza. Nenda polepole, simama mbali, na tazama pale midomo yao inapoelekea. Ukimkuta bundi, mwache. Hajaleta habari mbaya, ameletewa kelele tu.

Kelele zikikatika ghafla, na kila ndege akadondoka kichakani kama mawe, huyo ni kipanga anayeruka. Una sekunde mbili au tatu. Tazama juu ya michongoma, usawa wa paa, si mawinguni.

Mara chache walinzi hukosea. Kekeo wa aina kadhaa wana kifua chenye mistari ya mlalo na mkia mrefu, na ndege wadogo huwakimbia kama kipanga. Kosa hilo linamfaa kekeo, maana yeye hutaga mayai yake kwenye viota vya wengine. Mtambue kwa mdomo: hauna ndoano.

Aliye angani

Anza na mwewe, kwa kuwa ndiye utakayemwona zaidi. Ana mabawa marefu yaliyokunjika kidogo, mwili wa kahawia, na mkia wenye panda ambao haukai kimya. Huuzungusha kulia na kushoto kama usukani. Huruka chini juu ya masoko, majalala na viwanja vya shule, na mtoto aliyewahi kunyakuliwa andazi mkononi hamsahau. Mwewe wa hapa akiwa amekomaa ana mdomo wa manjano. Tahadhari moja: akiutandaza mkia, panda hupotea na mkia ukaonekana kama wa mraba. Subiri aukunje.

Ndege mpana wa mabawa na mwenye mkia mfupi, anayezunguka juu sana au kukaa juu ya nguzo, si mwewe. Katika nyanda za juu, kuanzia Nairobi na Naivasha hadi Arusha na Iringa, mara nyingi ni *Buteo augur*, yule wa tumbo jeupe na mkia wa kutu aliyetajwa mwanzoni. Wapo wenye tumbo jeusi pia, na hapo mkia ndio unaotoa jibu.

Mdogo, mweupe na kijivu, mwenye mabega meusi na macho mekundu, anayesimama hewani akipepea mabawa kabla ya kushuka kwenye nyasi, ni *Elanus caeruleus*. Huyu ni mla panya hasa. Mwenye shamba la mahindi angepaswa kumkaribisha.

Mabawa yaliyochongoka kama kisu ni dalili ya kozi. Mvua za mwisho wa mwaka zinapotoa kumbikumbi, angani huweza kuonekana makundi ya kozi wadogo waliozaliwa kaskazini mashariki mwa Asia na kuvuka Bahari ya Hindi. Tafiti za vinasaba zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha jambo lisilotarajiwa: kozi yuko karibu zaidi kiukoo na kasuku na ndege waimbaji kuliko alivyo na kipanga.

Aliye mtini

Kipanga wa kweli hujificha. Ana mabawa mafupi ya duara na mkia mrefu, umbo la kupenya kati ya matawi. Hupiga mabawa mara kadhaa, huteleza, kisha hupiga tena. Ndani ya ukoo huu jike ni mkubwa kuliko dume, wakati mwingine sana, kwa hiyo ukubwa peke yake hautoshi.

Mdogo kama njiwa, kijivu juu, mwenye mistari myembamba ya rangi ya kutu kifuani na macho mekundu, huitwa *Accipiter badius* katika vitabu vingi. Hupenda mijusi na panzi. Akishuka ukutani kama umeme karibu na banda la kuku, mara nyingi alichokiona ni mjusi.

Mkubwa zaidi, mwenye mistari ya kahawia na macho ya manjano, ni *Accipiter tachiro*. Kabla ya kumwona utamsikia: alfajiri, juu sana hewani, "kwit" moja kila baada ya sekunde mbili tatu. Wakazi wa mitaa yenye miti jijini Nairobi huusikia mlio huo miaka mingi bila kujua unatoka wapi.

Mkubwa kuliko wote ni *Accipiter melanoleucus*, mweusi juu na mweupe chini, ambaye mara nyingi hujenga kiota kwenye mikaratusi mirefu. Chakula chake kikuu ni njiwa na hua, na kuku akipatikana hamwachi.

Halafu kuna mmoja anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu. *Polyboroides typus* ni mkubwa, wa kijivu, ana ngozi tupu ya manjano usoni na mstari mmoja mpana mweupe katikati ya mkia mweusi. Hafukuzi mtu. Hutua kwenye mnazi au mgunga uliojaa viota vya mnana, akajining'iniza kichwa chini, mabawa yakimpepea ili asidondoke, na kuingiza mguu mmoja mrefu ndani ya kiota. Kiungo cha mguu wake hukunjika mbele na nyuma, jambo ambalo ndege wengi hawawezi, hivyo hupapasa ndani ya shimo kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Uso ule wa manjano huiva na kuwa mwekundu anaposisimka. Kinda likitoka, hulimeza, na kuendelea na kiota cha pili huku mnana wote wakipiga kelele kumzunguka. Inauma kutazama, lakini hivyo ndivyo anavyoishi.

> KISANDUKU: NANI HUCHUKUA VIFARANGA?
> Ndiyo: mwewe, *melanoleucus*, na mara nyingine *tachiro*.
> Ni nadra: *Buteo augur*, panya na fuko wanamtosha.
> Hahusiki: *Elanus*. *Badius* naye mara nyingi huja kwa ajili ya mijusi.
> Dawa: wafungie vifaranga kwenye tenga au banda lenye wavu wiki zao za kwanza, na panda vichaka vifupi ambamo mama yao atawakimbizia.
> Usitege sumu. Sumu iliyowekwa kwenye nyama humuua kila anayeigusa: kipanga, tai, tumbusi, mbwa wa jirani, pengine na mtoto. Sumu ya panya pia humfikia bundi na mwewe kupitia panya aliyekwisha kuila.

Wadogo, mmoja mmoja

Ndege waimbaji ni sehemu kubwa ya kundi linalobeba zaidi ya nusu ya aina zote za ndege duniani, na kwa mpangilio wa wataalamu hata kunguru yumo. Hapa inatosha kuwajua wale wa kila siku, wengine watafuata.

Shomoro anafaa kuwa wa kwanza, kwa kuwa wapo zaidi ya mmoja. Dume lenye utosi wa kijivu na koo jeusi, linaloishi kwenye mapaa na vituo vya mafuta, ni yule aliyeletwa pwani na wanadamu na baadaye akaenea bara. Mwenye kichwa cha kijivu kitupu, asiye na alama yoyote kooni, dume na jike wakifanana, ni mwenyeji.

Shore hana shida: kichwa cheusi kilichochongoka, mwili wa kahawia, na manjano safi chini ya mkia. Mjifunze vizuri, kwa sababu ndiye mpiga kelele mkuu wa ua.

Mnana hutambulika kwa kazi yake. Dume huchana utepe wa jani la mnazi au nyasi, hufunga fundo kwenye tawi, kisha hufuma pete, chumba na mlango unaotazama chini. Akimaliza hujining'iniza mlangoni akipepea mabawa kumwita jike. Jike huingia, hukagua. Asiporidhika huondoka, na dume huishia kukibomoa kiota hicho na kuanza upya. Katika bustani za Nairobi kuna mtego: mnana *Ploceus baglafecht* haishi kwa makundi makubwa, na dume lina paji la manjano na barakoa nyeusi wakati jike ana kichwa cheusi chote. Wengi huwaandika kama aina mbili.

Mwimbaji wa alfajiri, mwenye unyushi mweupe ulio wazi na kifua cha rangi ya chungwa, ni *Cossypha heuglini*. Huanza taratibu, kwa sauti ya chini, kisha hupandisha hadi ua wote unaitika, na mara nyingi mwenzake humjibu.

Fumbwe dume ni mdogo kama shomoro, mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Huwafukuza wengine wote penye mbegu. Msimu ukiisha mkia hudondoka, naye huonekana kama shomoro mwenye michirizi. Mdomo mwekundu ndio unaomfichua.

Wa mwisho yuko mpakani. Mbwigu ni mweusi juu, mweupe chini, ana mdomo wa ndoano na hukaa wazi juu ya waya akitazama chini. Akikamata panzi au mjusi mdogo, wakati mwingine humchoma kwenye mwiba au seng'enge, akiba ya baadaye. Anawinda kama kipanga, lakini ni ndege mwimbaji. Tazama miguu: hana kucha kubwa za kunyakua.

Makosa yanayorudiwa

Kosa kubwa ni kulazimisha jina. "Kipanga, mdogo, hakutambulika" ni maandishi halali na ya kweli, tena yana thamani kuliko jina la kubahatisha. La pili ni kuamini simu kupita kiasi. Programu ya kutambua ndege ya Merlin, ya Cornell Lab, hutolewa bure na inasaidia sana, lakini jibu lake ni dokezo la kuhakikiwa kwa hatua sita, hasa kwa milio. La tatu ni kusahau ramani: kabla ya kushangilia ndege adimu, hakikisha kwamba anaishi mkoa wenu. Majina nayo hubadilika. Kipanga wa mahali pamoja huitwa kozi au kengewa kwingine, kwa hiyo andika jina la kwenu na la kisayansi pamoja.

Orodha ya kukagua kila siku

☐ Nimekaa dakika 20 mahali pamoja, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
☐ Nimeandika tarehe, saa na hali ya hewa.
☐ Nimepima ukubwa kwa rula ya uani.
☐ Nimechora mdomo na mkia, hata vibaya.
☐ Nimeandika rangi kwa mpangilio, kuanzia utosi hadi chini ya mkia.
☐ Nimebadilisha maji ya bakuli la ndege, yasizalishe mbu.
☐ Sikusogelea kiota, wala kupiga tena na tena sauti iliyorekodiwa ili kumwita ndege.

Ukikuta kinda lisilo na manyoya limeanguka, lirudishe kiotani kwa mikono yako. Si kweli kwamba mama atalikataa kwa harufu ya mtu. Lenye manyoya linaloruka mafupi mafupi liache palepale. Wazazi wako karibu, wakisubiri uondoke. Kukamata au kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 na ile ya Tanzania ya 2009.

Kitabu cha kuhakiki ni *Birds of East Africa* cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza 2002 na kutolewa upya 2020. Kwa wakazi wa Nairobi kuna shule nzuri zaidi: matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1909. Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971, na wengi walioanza wakiwa hawajui shore wala shomoro walijifunza humo.

Kesho asubuhi kaa kibarazani, anza na ndege mmoja tu. Na kuku akilia tena, tazama mkia wa huyo anayepita kabla hujainama kuokota jiwe.